Kasha la Laki Moja

Jumanne tarehe 7 Juni 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kando ya Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikalemewa, na kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180 kwa mpigo mmoja. Kenya nzima ikakosa stima. KenGen, wenye kituo, walitoa taarifa na picha ya mkosaji mwenyewe, akiwa hai na hana jeraha la kutajwa, kabla ya kukabidhiwa Shirika la Wanyamapori.

Gitaru iko mpakani mwa Embu. Ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya maji nchini, megawati 225, na ni kimoja katika msururu wa Seven Forks: Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988. Ungedhani wenyeji wa kaunti inayopakana na mabwawa hayo ndio wa mwisho kuwasha mishumaa. Sivyo. Stima husafiri mbali kabla ya kurudi nyumbani, na njiani kuna miti inayoanguka, nguzo zilizooza, na mara mojamoja tumbili. Hili nalitaja mapema kwa sababu vijana wengi wa Embu na Meru wanaotaka kujiajiri kwa kuunda video, mabango na vitabu huuliza swali moja tu, laptopu au kompyuta ya mezani, nao hulijibu kana kwamba stima ni hewa.

Kijana wa kisa hiki nimemtunga, pamoja na jamaa zake. Giza lililomkuta si la kutunga.

Alikuwa ameajiriwa miaka kadhaa katika duka la kuchapisha mjini Embu. Kazi anaijua: kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, vyeti vya shule za chekechea, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi. Asiyeishi upande huu wa Mlima Kenya huenda asijue uzito wa kijitabu cha mazishi. Ni picha za marehemu tangu ujana wake, ratiba ya ibada, salamu za wajukuu, na wasifu ambao kila ukoo utausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kuona nani ametajwa na nani ameachwa. Familia hulipa vizuri, tena hulipa haraka, kwa kuwa mazishi hayaahirishwi. Kijana aliona pesa zikipita mikononi mwake kwenda kwa mwenye duka, akaamua kufungua lake.

Shangazi yake, muuza nguo sokoni, alimchukulia mkopo wa shilingi laki moja kutoka kwa chama chake, ulipwe kwa miezi kumi. Sharti lake lilikuwa moja.

"Nunua kitu unachoweza kubeba ukihama," alimwambia. "Mwenye nyumba akikuongezea kodi, unakunja kazi yako unaondoka."

"Shangazi, hiyo ni laptopu. Laptopu ni ya kuandikia barua."

"Na dada yako wa Meru anafanyia nini yake?"

Dada huyo ni binamu yake, mkubwa kwake kwa miaka mitano, mwenye kibanda cha picha na video Makutano, Meru mjini. Alikuwa akitumia laptopu ya mitumba kutoka Uingereza, ile tunayoiita eksi-yukei, nyembamba, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu zilizogandishwa kwenye bodi. Aliponunua hakuuliza kama zinaweza kuongezwa. Video za ruracio, sherehe za mahari, zilipoanza kuja kwa wingi, kila moja kwa kamera mbili na droni juu, mashine ikaanza kukwama, na fundi akamwambia hakuna tundu la kuongezea chochote. Kwa hiyo kijana alipompigia simu kuomba ushauri, dada hakuwa mtu wa kuisifu laptopu.

"Mdogo wangu, kama una chumba chenye mlango unaofungika, chukua ya mezani," alisema. "Hii yangu ikianza kutoa video ya saa moja, naenda kupika, nakula, naosha vyombo, narudi bado. Lakini usisahau UPS, ile betri ya kukushikilia stima ikikatika."

Sehemu ya kwanza ya ushauri aliisikia vizuri sana.

Sitaki msomaji adhani kijana alikuwa mjinga. Alisoma kabla ya kununua, na mengi aliyoyasoma ni kweli. Kadi ya picha iitwayo RTX 3060, ukiinunua ya kompyuta ya mezani, kwa kawaida ina gigabaiti 12 za kumbukumbu na inaruhusiwa kula wati 170. Jina hilohilo likibandikwa kwenye laptopu lina gigabaiti 6, na wati zake ni kati ya 60 na 115 kulingana na uamuzi wa mtengenezaji. Muuzaji atakuonyesha kibandiko, hatakuonyesha wati. Ni kweli pia kwamba laptopu ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Ukiwa kwenye baridi ya Timau huenda usitambue, lakini shuka Ishiara au Kiritiri mchana wa Februari uone mashine inayosifiwa kasi ikitembea kwa kuvuta miguu. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya feni kubwa, ina matundu ya kuongezea, na kipande kikifa unabadilisha kipande. Kwa pesa ileile unapata nguvu zaidi. Hakuna mtu mkweli anayebisha hilo.

Tatizo lilikuwa kwa walimu wake. Video alizozitazama usiku zilirekodiwa na watu wa Marekani na Ulaya, katika vyumba ambamo swali la stima haliulizwi. Hao hupima sekunde: mashine hii imemaliza kazi kwa sekunde ngapi, ile kwa ngapi. Hakuna hata mmoja aliyepima mashine hufanya nini nchi nzima inapozima. Kijana akaingia Nairobi, barabara ya Luthuli, akiwa na hesabu za watu wa mbali kichwani. Akatoka na kasha jeusi lenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani, la elfu tisini na mbili. Elfu nane zilizobaki zilinunua skrini iliyotumika. UPS ilisukumwa hadi mwezi ujao. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala, mwezi wa baada yake.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, wala si katika kuchagua mezani badala ya laptopu. Laptopu huja na betri, skrini na kibodi ndani ya bei yake. Kompyuta ya mezani huja bila hivyo, na muuzaji anapokutajia bei anakutajia bei ya kasha. Anayelinganisha kasha la elfu tisini na mbili na laptopu ya elfu tisini na mbili amelinganisha nyumba na paa. Hesabu ya haki ingemfanya achukue kadi ndogo zaidi, ile ya wati 75 isiyohitaji waya wake wa umeme, ambayo kwa vijitabu vya mazishi na video fupi za kanisani ingemtosha kabisa, na abaki na elfu ishirini na kitu za kulinda kazi. Lakini kadi ndogo haina taa za rangi.

Miezi miwili mambo yalinyooka. Wateja walipenda kusimama nyuma yake watazame kioo kile. Stima ilikatika mara kadhaa, dakika kumi, nusu saa, na kila mara alipoteza kidogo tu. Photoshop hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika kumi usipoibadilisha, na CorelDRAW ina utaratibu wake wa namna hiyo. Kijana akazoea. Mazoea hayo ndiyo yaliyomgharimu, kwa sababu yalimfundisha kuogopa jambo dogo, yaani kupoteza dakika kumi za kazi, akasahau kubwa.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 alikuwa na kijitabu cha mzee mmoja wa upande wa Runyenjes aliyekuwa azikwe kesho yake. Kurasa 16. Wanaofanya kazi hii wanajua kurasa huongezwa nne nne, kwa kuwa karatasi hukunjwa. Ukiombwa kuongeza aya moja ya salamu unaweza kulazimika kupanga upya kitabu kizima. Familia ilituma picha kwa WhatsApp tangu asubuhi, nyingine zikiwa zimepigwa kutoka kwenye picha za ukutani, mwanga wa dirisha ukiwa umeng'aa katikati ya paji la uso wa marehemu. Wasifu wa kwanza ulikuja saa tatu asubuhi. Alasiri mwenyekiti wa kamati ya mazishi akafika dukani mwenyewe, mzee wa kofia na fimbo.

"Kijana, mwaka wa kuzaliwa si huu. Na watoto wa nyumba kubwa wanaanza kabla ya watoto wa nyumba ndogo. Na kuna mjukuu yuko Siakago, ameachwa."

"Sawa, mzee. Nitarekebisha yote."

"Si utarekebisha. Rekebisha nikiwa hapa."

Alirekebisha. Mzee alisoma kila ukurasa kwenye skrini, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka na matatu ya mwisho. Kijana akaendelea kusafisha picha na kupanga filamu fupi ya kuonyeshwa kanisani. Faili zote zilikuwa mahali pamoja, ndani ya kasha. Kabla ya saa nne usiku alikuwa amebakiza ukurasa wa nyuma.

Kisha Kenya ikazima. Giza la usiku ule wengi tunalikumbuka: Kenya Power walisema chanzo kilikuwa kukatika kwa umeme kutoka mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, nao wenye mradi wakajibu kwamba gridi ndiyo iliyowasukuma nje. Mabishano hayo waachiwe wahandisi. Sehemu nyingi zilikaa hadi siku iliyofuata bila taa.

Kazi haikupotea. Msomaji alishike hilo, maana ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kusimuliwa. Kijitabu kilikuwa kizima ndani ya diski, kimerekebishwa, kimekubaliwa na mwenyekiti, kimebakiza ukurasa mmoja. Hakuna kilichoharibika. Ila hakuna aliyeweza kukifikia. Angekuwa na UPS hata ya dakika sita angetoa PDF, angeirusha kwenye simu, na simu ingeifikisha kwa mchapishaji yeyote mwenye jenereta. Dakika sita. Badala yake alikaa akimulika kioo kwa tochi ya simu, akiangalia kadi ya wati 170.

Saa tano usiku akaamua kubeba. Alifunga kasha kwa blanketi, akaita bodaboda, akashika skrini kifuani, wakaenda hadi kwa rafiki mwenye baa iliyokuwa na jenereta ndogo ya petroli. Jenereta za aina hiyo, zikiwa zinaendesha friji mbili na redio, hazitoi stima iliyotulia. Friji ikijizima stima inaruka juu, ikijiwasha inashuka. Kijana akachomeka. Taa za rangi zikawaka, alama ya mtengenezaji ikatokea kwenye skrini, baa nzima ikashangilia. Friji ikajizima. Ukasikika mlio mdogo nyuma ya kasha, kisha harufu ya plastiki iliyoungua.

Kama faraja, usiku uleule sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikuwa gizani pia, jenereta yake moja ikiwa imekataa kuwaka, na mkuu wa mamlaka ya viwanja akafutwa kazi. Kuwa na jenereta ni jambo moja na kuwa na stima ni lingine.

Akampigia dada yake wa Meru. Naye alikuwa gizani, lakini laptopu ilikuwa imeonyesha asilimia 90 stima ilipokatika. Betri ya mitumba, ilikuwa ikidumu kama saa moja na robo.

"Nitumie picha," dada alisema.

"Zimo ndani ya mashine, dada. Zile nilizozisafisha."

"Zile za WhatsApp je?"

Zile za WhatsApp zilikuwepo kwenye simu, pamoja na mwanga wa dirisha katikati ya paji la uso. Wasifu nao ulikuwepo, ule wa saa tatu asubuhi. Marekebisho ya mzee hayakuwahi kuandikwa popote ila ndani ya kasha, kwa kuwa yalifanywa akiwa amesimama pale pale. Kijana akajaribu kuyakumbuka kwa simu. Mwaka wa kuzaliwa aliukumbuka. Jina la mjukuu wa Siakago hakulikumbuka, na saa sita usiku humpigii simu mwenyekiti wa kamati kumwambia umepoteza kitabu. Au pengine ndiyo saa ya kumpigia. Hakumpigia.

Dada akapunguza mwanga wa skrini, akazima kila kisichohitajika, akakusanya kurasa nne: karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati. Betri ikamwishia akiwa amekwisha kutuma PDF, hata nakala yake hakupata muda wa kuihakiki mara ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi mchapishaji wa Embu aliwasha jenereta, kubwa, yenye kidhibiti, akachapa nakala mia mbili.

Kanisani watu walikunjua karatasi ile, wakaigeuza, wakatafuta kurasa nyingine. Filamu haikuwepo. Watoto wa nyumba ndogo walitajwa kabla ya wale wa nyumba kubwa, na mchungaji, ambaye hakuambiwa lolote, akasoma vivyo hivyo kwa sauti mbele ya waombolezaji wote. Kuna kunung'unika kunakotoka kwenye viti vya nyuma na kunakotoka kwenye viti vya mbele; siku ile kulitoka mbele. Mwenyekiti hakumgombeza kijana. Alimtumia ujumbe Jumatatu akiomba malipo ya awali yarudishwe.

Fundi wa Embu alipofungua kasha alikuta pawa saplai tu ndiyo iliyokufa. Bodi nzima, kadi nzima, diski nzima. Alibadilisha pawa saplai kwa shilingi elfu chache mchana huohuo, mashine ikawaka, na kijitabu cha kurasa 16 kikafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, ukurasa wa nyuma ukiwa bado mweupe. Kama ni laptopu iliyopigwa namna ile bila chaja kuwahi kuifia njiani, huenda bodi yote ingeenda, na bodi ya laptopu mara nyingi bei yake hukaribia ya laptopu nyingine. Hapo dada alikuwa amesema kweli kuhusu mezani.

Shangazi naye alikuwa na maswali, hasa kwa kuwa chama kilikuwa kikikutana Alhamisi.

"Hiyo UPS unayosema, ingekuwa pesa ngapi?"

"Ndogo ni chini ya elfu kumi, shangazi."

"Na taa zile za rangi?"

Hakujibu.

Fundi ndiye aliyemfundisha kununua. Alimzuia kuchukua UPS ya 650VA aliyokuwa ameikusudia. Herufi hizo si wati, alimweleza. Ya 650 mara nyingi hubeba wati zisizozidi 390, na kasha lake likifanya kazi ngumu, pamoja na skrini, lilikuwa linakaribia hapo. Lingezima palepale, au ndani ya dakika moja. Alimtaka achukue kubwa zaidi, yenye kusawazisha stima inapopanda na kushuka, aangalie tarehe ya betri kwa kuwa betri hizo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu hata kama hazikutumika, na asithubutu kuchomeka printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwani printa ikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Diski ya nje nayo akanunua. Kulipia vyote akauza ile kadi ya picha kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu aliyeitaka kwa michezo, akaweka ndogo. Video sasa zinachukua muda mrefu zaidi kidogo kutoka. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Dada wa Meru, kwa upande wake, aliuza ile nyembamba. Alichukua laptopu nene ya kazi ya ofisini, yenye matundu mawili ya kumbukumbu na betri inayobadilishwa, akaongeza hadi gigabaiti 32. Bado anapika na kula akisubiri video.

Nchi ilizima tena Novemba 11, na tena Desemba 10, mwaka uleule. Mara zote mbili UPS ya kijana ililia, naye akahifadhi, akatoa PDF, akazima mashine kwa utaratibu na kufunga duka mapema. Kati ya tarehe hizo mbili ile familia ya Runyenjes ilifiwa tena, na ilipotafuta mtu wa kuandaa kijitabu, simu ilipigwa Makutano, Meru.